3 juu ya 10: namna finalisti moya wa Katuba alirudilia kombinezo na probabilite

Jina ya mutoto nimetosha, ya masomo yake pia, na bintu fulani ya nyumba yao nimegeuza kidogo juu bantu basimutambue. Yenye imebakia ni hesabu na makosa, ya kwake na ya kwangu. Ninaandika hii kwa balimu benzangu ba repetisio, na kwa batoto benye beko na Exetat, egzamen ya serikali ya kumaliza sekondari, mbele yao na hii sura inabakatalia usingizi.

Hali ilikuwa namna gani

Tumuite tu Finalisti. Ya sita saintifiki, mwaka wa mwisho wa sekondari, miaka 18, anaishi mu Katuba, komini moya ya Lubumbashi, kule Congo, na mama yake mwenye kuuzisha mboga na samaki ya kukauka ku soko, na kadogo kake ka miaka 9 kenye utakaona mbele. Mimi ninapitaka mu nyumba za bantu magaribi na siku ya posho, ninafundisha hesabu na fizike, haiko kazi ya kutajirisha muntu lakini unga ya bukari haikosi.

Mama njo alinitafuta, Exetat ilikuwa imebakia wiki ine. Akaniambia, "Mwalimu, huyu mutoto hesabu anaiweza, lakini hii ya kuchagua bantu mu komite inamuliza." Na kweli nilipofungua kaye yake nikaona derive sawa, integrali sawa, limite na yenyewe karibu sawa, kisha unafika ku kombinezo, ile ya kuhesabu namna za kuchagua bintu bila kuangalia foleni, na ukurasa zinaanza kuwa nyeupe. Ku masomo ile sura ilikuja mwisho wa mwaka, ikapita mbio mbio, fomula ku tablo, mufano moya, kwisha. Haiko kwao peke yao, hii sura kila mahali njo inakuwaka ya mwisho, na ya mwisho njo inakulaka siku zote zenye zilipotea.

Sasa yeye akajitafutia. Alikuwa na kaye ya masomo mu kifaransa, video za ku simu, na makaratasi yenye binamu yake wa Kitwe, kule Zambia, alimutumia, yote mu kingereza. Mutoto wa bidii kabisa. Lakini ile bidii njo ilimuchanganya, juu mu kifaransa chenye tunafundishia hapa, permutasio ni kupanga bintu byote, n faktorieli basi (kama biko bitano, 5 × 4 × 3 × 2 × 1), na ukitosha bintu p kati ya n ukabipanga kwa foleni, ile inaitwa aranjema. Mu kingereza hakuna aranjema, yote ni permutasio. Kwa hiyo mu kichwa yake permutasio ilikuwa na maana mbili na aranjema ilikuwa kitu ya tatu yenye hakujua itumike wapi.

Interro ya kwanza

Siku ya kwanza sikufundisha kitu. Nilimupatia maswali 10, kila moya na majibu 5 ya kuchagua, sawa vile Exetat inafanyaka. Akapata 3.

Mbele ya kumuonea huruma nilifanya hesabu yangu kando. Muntu mwenye kuweka alama macho yamefunga, kila swali eko na bahati moya juu ya tano, kwa hiyo mu maswali 10 atapata 2 hivi bila kujua chochote. Na bahati ya kupata 3 ao zaidi kwa kubahatisha tu ni karibu 0.32, sawa mara moya juu ya tatu. Maana yake ile 3 haikuniambia kitu. Inaweza kuwa anajua kidogo, inaweza kuwa ni biki ilianguka pazuri.

Njo nikamuambia, "Sasa nielezee moya moya, kwa mdomo, juu ya nini uliweka hii." Hapo ikaonekana. Kati ya zile tatu za muzuri, mbili alibahatisha, mwenyewe akacheka. Na zile za mubaya karibu zote zilikuwa na ugonjwa moya: alikuwa anatafuta neno. Akiona "kuchagua" anaweka C, ile ya kombinezo. Akiona "kupanga" anaweka A, ile ya aranjema. Akiona "yote" anaweka faktorieli. Hakuwa anasoma swali, alikuwa anawinda neno ndani yake.

Swali ya penalti njo ilionyesha muzuri. Niliandika: kocha anachagua bachezaji 5 kati ya 11 wenye beko ku uwanja, mwenye kupiga wa kwanza mpaka wa tano. Neno "anachagua" iko pale, akaweka C, akapata 462, na 462 kweli ilikuwa mu majibu, mimi njo niliitega. Nikamuuliza, "Uko wa Mazembe ao wa Lupopo?" Mazembe, akajibu na kifua mbele. "Sawa, ni finali, mumefungana mpaka mwisho, ni penalti. Kocha anamupeleka wa kwanza yule mwenye miguu inatetemeka, na mwenye roho ya chuma anamubakiza ya tano. Na kama anabadilisha, ni kitu moya?" Akasema, "Apana Mwalimu, hapo tunaweza kufungwa hata ya tano haijapigwa." Basi. Wale bantu batano ni wale wale, lakini liste ni ingine. 11 × 10 × 9 × 8 × 7 inatoa 55,440, na ukigawanya na 120 njo unarudia ku 462, juu kila kikundi cha batano kinaweza kupangwa namna 120.

Yenye niliamua, na juu ya nini

Kwanza, karatasi ya fomula nikaichukua. Wiki moya muzima hakuna C, hakuna A, hakuna kitu ya kuokota, tunachora paka bikasha bidogo ku kaye na tunajaza: kikasha cha kwanza namna ngapi, cha pili namna ngapi, unazidisha. Juu ya nini? Juu fomula kwake ilikuwa sawa mafungulo mingi mu mufuko, anajaribu hii, anajaribu ile, mulango haifunguke. Alilalamika sana, akasema benzake ku masomo beko mbali na yeye eko anachora bikasha sawa mutoto wa ya kwanza.

Pili, ulizo moya la kujiuliza kila mara: nikibadilisha hivi biwili nafasi, kintu kinakuwa kingine ao kinabakia kile kile? Kikiwa kingine, mupangilio unahesabika. Kikibakia, unagawanya.

Tatu, nikamuambia aache yale makaratasi ya Kitwe. Hii nitairudilia, juu nilikosea.

Ine, kukata. Wiki ine haitoshe kwa yote. Nikaacha probabilite yenye kuwa na sharti, ile ya "tukijua kama kimoja kilishatokea", nikasema nitaifanya kama siku zitabakia. Hazikubakia.

Wiki ya majina ya komini

Nilitafuta kitu yenye haitahitaji kueleza, nikachukua komini za mugini wetu. KENYA, herufi tano zote tofauti, namna 120. RUASHI, sita tofauti, 720. Alizifanya bila kuinua kichwa. Kisha KATUBA, kwao, akaandika 720 na akaniangalia na ile sura ya kusema umenidharau. Nikamupa biki nyekundu, nikamuambia A moya aiandike nayo, ingine na ya bleu. Akapanga, akabadilisha zile A mbili. "Sasa jificha rangi," nikasema, "jirani wako anasoma nini?" KATUBA. Na mbele? KATUBA. Akanyamaza, akakata 720 kwa mustari, akaandika 360.

Kadogo kake kalikuwa karibu, kanasikiliza, nikakapatia kazi: andika neno BABA kwa namna zote zenye unaweza. Kakatoa ulimi inje sawa vile batoto banafanyaka wakiandika, kakaleta BABA, BAAB, BBAA, ABAB, ABBA, AABB. Sita. Finalisti akafanya yake: 24, gawanya na 2 juu ya B, tena na 2 juu ya A, sita. Ile kukutana kwa hesabu yake na liste ya kadogo ilimufurahisha kuliko kitu yote yenye mimi nilisema ile siku. KAMPEMBA alifanya peke yake, 10,080, na KAMALONDO, 90,720. LUBUMBASHI nilimubakizia ya kulala nayo: herufi kumi, U mbili, B mbili. Kesho yake alinitumia mesaji saa kumi na mbili ya asubui, "907.200 Mwalimu". Hakukuwa hata jambo.

Tukamalizia na komini zenyewe. Ziko saba. Ukitaka kuchagua tatu za kutembelea, 35. Ukitaka kusema utaanza na gani, utafuata na gani, 210. Hii alijibu zote mbili mu pumzi moya, na njo nikamurudishia karatasi ya fomula.

Siku nilikosa mimi

Wiki ya pili, magaribi, courant imekatika, tuko na bougie moya. Swali: kalasi iko na bavulana 6 na basichana 4, komite ya bantu 3, angalau musichana moya awe ndani. Nilikuwa nimechoka, nilitoka mu Ruashi kwa miguu nusu ya njia, na nikaandika bila kufikiri: unachukua musichana moya kwanza, namna 4, kisha bantu 2 kati ya 9 wenye babakia, namna 36, unazidisha, 144. Nikapiga mustari mbili chini, sawa mwalimu wa kweli.

Akaangalia kidogo. Akaandika kitu yake pembeni. Kisha pole pole, juu mutoto wa heshima hawezi kukukatiza, "Samahani Mwalimu, komite zote kabisa, hata za bavulana tupu, mimi ninapata 120. Hizi 144 zitatoka wapi?"

Sikujibu mara moya. Damu ilipanda ku masikio, ninakubali. Zote ni 120, na mimi niko na sehemu yake yenye kupita yote.

Tukaitafuta pamoja. Basichana tukabaita A, B, C, D. Komite ya A, B na muvulana moya: mimi niliihesabu wakati A njo "wa kwanza" na B akaja kati ya bale babili, kisha nikaihesabu tena wakati B njo wa kwanza. Mara mbili kwa komite moya. Ya A, B, C mara tatu. Tukapanga: zenye musichana moya ni 4 × 15, yaani 60. Zenye babili ni 6 × 6, yaani 36, na mimi nilizihesabu mara mbili, 72. Za basichana batupu ni 4, mara tatu, 12. 60 na 72 na 12, njo ile 144 yangu, tukaiona uchi kabisa. Jibu ya kweli 60 na 36 na 4, inakuwa 100. Na njia fupi ni kutosha zenye haziko na musichana hata moya: 120 kutosha 20.

Kutoka ile siku akaanza tabia moya yenye mimi sikumufundisha: kila swali, mbele ya kitu yote, anaandika juu kabisa ya ukurasa hesabu ya yote bila sharti, anaizungusha, na jibu yake ikiipita anarudia nyuma.

Bifuniko

Probabilite yenyewe tulianza wiki ya tatu. Sashe ya nyeusi, bifuniko 8 bya chupa, 5 byekundu na 3 bya njano. Unatosha biwili bila kuangalia, bahati ya kuwa byote byekundu ni ngapi?

Mama akaingia, akaona batoto yake na sashe, mikono ndani, kadogo kanapiga kelele "nyekundu!", akafikiri tunacheza makuta. "Ku nyumba yangu, Mwalimu? Apana, mambo ya kamari hapa haingii." Nilimueleza kama ni masomo, nikaongeza kama kweli hii hesabu ilizaliwa kwa sehemu mu kamari, 1654, Pascal na Fermat baliandikiana barua juu ya michezo ya makuta yenye ilikatizwa mbele ya kuisha, muntu apate ngapi, lakini Pascal alikuwa muntu wa kusali sana. Ile ya kusali ilimutuliza kidogo. Akaketi, akaanza kutosha bifuniko naye.

Finalisti alikuwa ameandika jibu: 20 juu ya 28, yaani 5/7. Kosa hili ninalionaka kila mwaka, na ni lenye hila juu kila nusu yake iko muzuri. Juu alihesabu 5 × 4, na mupangilio. Chini alihesabu C(8, 2), yaani 28, bila mupangilio. Sawa kuuza kwa kilo na kununua kwa kikombe.

Sikumuambia. Nikasema tujaribu, mara 40, kila mara tunarudisha byote biwili mu sashe na tunatikisa. Kama 5/7 ni kweli, tungeona nyekundu-nyekundu karibu mara 28 ao 29. Kadogo kakawa mwandishi, kanaweka mistari. Ikatoka mara 16. Finalisti akaangalia zile mistari, akaangalia kaye, akasema "hii haiwezekane kuwa bahati mubaya". Akarekebisha mwenyewe: 10 juu ya 28, ni 5/14. Kisha akafanya na foleni pande zote mbili, 20 juu ya 56, na ikatoa 5/14 tena. Kutosha byote kwa mara moya ao kimoja kimoja bila kurudisha, ni moya, paka usichanganye juu na chini.

Lakini kuna kitu. Nikamuuliza na ya kurudisha: unatosha kimoja, unarudisha, unatosha tena. 5/8 mara 5/8, 25/64. Akaizidisha na 40, akapata 15.6, na ya 5/14 inatoa 14.3. Akasema, "Kumbe Mwalimu, 16 iko karibu na ya kurudisha, basi si ile yetu?" Swali ya muzuri kabisa na ilinikuta bila kujitayarisha. Mara 40 zinatosha kuua 5/7, juu iko mbali, lakini kutenganisha 5/14 na 25/64 hazitoshe, ungehitaji kutosha mara mingi sana. Nilimuambia hivyo lakini kwa haraka, na ninafikiri hakushika.

Matokeo

Siku tatu mbele ya Exetat nikamupa interro ingine ya 10, namna ile ile. 7. Kwa kubahatisha, kupata 7 ao zaidi ni chini ya moya juu ya elfu, kwa hiyo hapa biki haikuanguka, huyu muntu anajua. Na kwa mdomo alieleza zote saba, hata ile ya kode ya simu ya tarakimu 4: zote ni 10,000, zenye tarakimu zote tofauti ni 5,040, kwa hiyo zenye kurudilia angalau tarakimu moya ni 4,960, karibu nusu. "Njo maana bantu banaibiwaka," akasema, yenye haina uhusiano sana lakini nikamuachia.

Tatu zenye alikosa: mbili zilikuwa za ile probabilite ya sharti, yenye mimi njo nilikata. Ya tatu ilikuwa ya maandishi tu. Mu buku za kifaransa zenye tunatumikisha hapa, C inaandikwa na n chini na p juu. Ku video iko mabano makubwa na n juu. Akasoma kinyume.

Exetat alipita, 57. Siku ya matokeo njia yao ilikuwa nyeupe na poudre, kadogo kalijipaka mpaka ku kope na hakakuandika kitu yote. Mama alinipigia simu, sikusikia neno hata moya, paka kelele. Lakini tusidanganyane: Exetat inakupatia asilimia moya ya yote, haikuambie sura gani ilileta nini. Labda kombinezo ilimusaidia pointi mbili, labda sifuri, labda kifaransa njo ilimubeba.

Nini ilisaidia, nini ilivunjika

Kueleza kwa mdomo ilisaidia kuliko yote. Bila ile, ningeangalia 3 juu ya 10, ningesema hajui fomula, ningemupa fomula mingi zaidi, na ugonjwa ungezidi. Na kutosha ile karatasi ya fomula wiki ya kwanza ningeirudilia kesho, hata mutoto alie.

Kosa langu la komite lilisaidia pia, lakini hilo si njia ya kufundisha, ni bahati. Mwalimu mwingine angesema "nyamaza, andika". Mimi nilikuwa karibu kusema.

Ulizo la kubadilisha nafasi, lenye nilijivunia sana, lilivunjika mara mbili, na hapa ninataka kukaa kidogo. Ya kwanza: kati ya bantu 10, prezida moya na bamemba babili. Alikwama dakika makumi mbili. "Nikibadilisha babili, kinabadilika ao hakibadilike?" Inategemea ni babili gani! Prezida na memba, inakuwa komite ingine. Memba na memba, inabakia ile ile. Ulizo langu lilimulazimisha kuchagua kati ya A na C kwa swali muzima, na kumbe swali iko na bipande biwili: prezida kwanza, namna 10, kisha babili kati ya 9, namna 36, ni 360. Bikasha byake bya wiki ya kwanza vingemuonyesha mara moya, lakini nilikuwa nimebibadilisha na ulizo langu la akili, na yeye akaniamini.

Ya pili ilitoka mu njia, mbele ya nyumba. Batoto kumi banataka kucheza, batano kwa batano, timu zinaweza kuwa namna ngapi? Akasema 252. Kadogo, mwenye kuwa ndani ya wale kumi, akakataa: "Yaya, mimi nikiwa na hawa, bale benye babakia njo timu ingine, uliisha kubahesabu." Jibu ni 126. Timu hazikuwa na jina, hazikuwa na maillot, ukizibadilisha upande ni mechi ile ile. Hapa ulizo lingefanya kazi kama angebadilisha timu na si bantu, lakini mimi nilimufundisha kubadilisha bantu tu.

Makaratasi ya Kitwe. Nilisema aache, hakuacha, aliyaficha chini ya godoro na akaendelea kufanya mazoezi yake usiku, na mazoezi yenyewe yalikuwa ya muzuri kushinda yangu, hasa ya timu na ya meza ya muzunguko. Nilikataza juu ya neno permutasio, na kusema kweli pia juu ya majivuno, sikupenda mwalimu mwingine mu nyumba yenye ninalipwa. Ingetosha kuchora mistari miwili mu jalada ya kaye: kule banasema hivi, hapa tunasema hivi, na C ya kule na C ya hapa zinaandikwa namna gani. Dakika kumi. Ile pointi ya maandishi asingeipoteza.

Kukata ile ya sharti, hapo niko na mawazo mbili. Ilimukosesha maswali mawili ya interro, lakini kama ningeiweka ningetosha bifuniko, na bila bifuniko ile 20 juu ya 28 ingebakia mu kichwa yake mpaka leo. Yenye ningekata kweli ni siku mbili zenye nilipoteza ku binomi ya Newton, ile fomula ya kufungua (a + b)ⁿ, juu aliijua tayari na mimi nilipenda tu kuonyesha.

Sasa hivi niko na bafinalisti babili bapya, wa Kamalondo, ndugu. Niliwapelekea sashe na bifuniko nane siku ya kwanza. Mutoto wa nyumba ameshameza ao kutupa kimoja cha njano, hatujui, kwa hiyo tunafanya na saba na jibu imekuwa 10/21.